Mwaka Nilioazimisha Jina Langu

Anjela alikuja hapa nyumbani Bombambili juzijuzi, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu. Alishuka kwenye bodaboda kwa shida, huku anamgombeza dereva kwamba kampitisha kwenye mashimo makusudi. Mimi nilikuwa barazani nachambua mboga ya maboga, sikuinua hata kichwa. Nilimjua kwa kugomba kule. Nikasema moyoni, huyu ni Anjela wa ofisini, hakuna mwingine Songea hii anayegomba kwa sauti nyembamba namna hiyo. "Shikamoo, Mama Stela!" Nikamwambia marahaba, karibu, jamani mbona umenenepa hivyo, wewe si ulikuwa sindano? Akacheka, na mimi nikacheka, tukashikana mikono tukazunguka kama watoto waliotoka komunyo ya kwanza, mpaka mkwe wangu Mama Beni akatoka jikoni kutazama kuna nini. Tulipochoka kucheka akakaa, akafungua kitenge chake, akakifunga tena. Akasema, "Mama Stela, nimekuja na habari. Bwana Msuya amefariki. Kwao Upareni huko. Wameshazika." Mkono wangu ukasimama kwenye mboga. Nikamuuliza aliumwa nini, akasema sukari, nikasema aa, sukari, maana ndivyo mtu anavyosema. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kimeinuka, kitu cha miaka mingi, na jina la kitu hicho ni aibu.

Sasa nitawasimulia mwaka mmoja tu. Habari za kuzaliwa kwangu na kuolewa kwangu nitaziacha, hazina utamu, zinafanana na za kila mtu. Nitasimulia mwaka ule nilipokuwa mimi, mpika chai, nimo ndani ya kompyuta. Cheka tu. Na mimi nilikuwa nacheka mwanzoni.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Ushirika umelala, mitumba imerundikwa sokoni mpaka unakanyaga makoti ya wazungu, na matajiri wanakuja na malori yao kununua mahindi kwa bei wanayotaja wenyewe. Maofisini neno lilikuwa moja: kupunguzwa. Leo fulani kapunguzwa, kesho fulani. Mtu ukiitwa na mkubwa unaenda umeshika kiuno. Mimi nilikuwa na kazi kwenye mradi mmoja wa mbolea, pesa za wafadhili, nyumba ya zamani yenye bati jekundu upande wa kwenda Matogoro. Jiko langu lilikuwa nyuma, lina kidirisha cha kupitishia chai kuingia ofisi kubwa, na kwa kidirisha kile nilisikia mambo yote ya ofisi kuliko Meneja mwenyewe. Asubuhi chai ya tangawizi na maandazi, siku nyingine magimbi ya kuchemsha. Mchana ugali, na likolo, yaani mboga, ndivyo sisi Wangoni tunavyoiita. Ijumaa dagaa wa Nyasa. Pembeni ya jiko palikuwa na stoo ya zamani. Humo ndimo walimoweka seva.

Chumba kile, weee! Waliweka mashine ya kupuliza baridi. Mliowahi kufika Songea kwetu mnajua mwezi wa sita unavyokuwa, baridi ya bure inatuuma mpaka kwenye meno, na hawa wananunua baridi nyingine! Nikamuuliza Bwana Msuya, mtaalamu wao wa mitambo, yule mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka kaskazini, "Hiyo mashine inaumwa homa?" Akacheka akanieleza, maana alikuwa mtu wa kueleza. Akasema, "Mama, chukulia hii ni ghala. Hizi kompyuta za mezani ni milango tu. Mali yote, hesabu zote za mbolea na vikundi vyote vya wakulima, vimekaa humu ndani. Ukitaka kuingia, lazima uwe na jina lako na neno lako la siri. Na majina yanayoruhusiwa ni matano, basi. Leseni tuliyoinunua ni ya watu watano. Wa sita hapana." Nikamwambia hiyo leseni ina roho mbaya, watu wa ofisi hii wanazidi watano. Akasema, "Mwambie Meneja anunue nyingine." Meneja alikuwa hanunui hata kijiko.

Nataka mjue kitu kuhusu Bwana Msuya. Wakubwa wote pale walikuwa wananisalimia kwa juu, "Mama Stela, za asubuhi, chai iko tayari?" Yeye peke yake alikuwa anakuja mpaka mlangoni pa jiko, anasimama, anasema, "Shikamoo, mama." Mtu wa mitambo, amesoma mpaka Ulaya huko, ananipa shikamoo mimi mwosha vikombe. Na mimi namwitikia, "Marahaba, mwanangu," ingawa kwa umri hatukupishana sana. Asubuhi yangu ilikuwa haijaanza mpaka salamu ile ipite.

Sasa, katika yale majina matano, mwenye jina mmoja akapunguzwa. Jina likabaki wazi. Wakati huohuo wafadhili wakauliza, wanawake wako wapi? Mbona wanaotumia mashine ni wanaume watupu? Meneja akakuna kichwa. Anjela ndiye alikuwa mpiga chapa na ndiye aliyestahili, lakini alikuwa kibarua, hana barua ya ajira, jina lake haliwezi kupelekwa. Mwanamke mwenye ajira pale alikuwa mmoja. Nikasikia kwa kidirisha Meneja anasema, "Si yupo Mama Stela?" Mtu akacheka. Meneja akasema, "Mnacheka nini? Kasema mwenyewe kamaliza darasa la saba."

Hapo ndipo palipo na mfupa. Ni kweli nilisema hivyo, siku naomba kazi. Nilisema kwa mdomo mkavu kabisa, darasa la saba. Ukweli ni kwamba niliishia la pili. Halafu ikaja elimu ya watu wazima, nchi nzima ikafundishwa, mpaka vikongwe wakajua kusoma, na mimi nilihudhuria, lakini nilihudhuria na beseni la vitumbua, nikakaa nyuma kuuza. Nilichopata ni kuchora jina langu. Kuchora, sikuandika. Nilikuwa nalichora kwa mkupuo mmoja kama mtu anavyosuka ukili, ukinikatisha katikati sijui niendelee wapi. Basi ukishasema uongo wa namna hiyo unaulisha kila siku. Nilikwenda sokoni kwenye mitumba nikanunua miwani, kioo chake cheupe tu, nikaipachika kichwani. Kila ikija karatasi, "Ngoja, macho yangu leo." Miaka yote watu wananiambia, "Mama Stela, nenda Peramiho wakupime macho."

Bwana Msuya akaniita kwenye chumba cha baridi kunisajili. Akaandika jina, akanigeuzia vile vitufe. "Sasa chagua neno lako la siri, mama. Usiniambie, liandike mwenyewe." Nikasema, "Eh, miwani nimeacha jikoni." Akasema, "Miwani iko kichwani, mama." Nikaishusha. Nikatazama vile vitufe. Nikatazama. Mashine inapuliza baridi na mimi jasho linanitoka kwapani. Akavuta vitufe upande wake polepole, kama mtu anayemwondolea mgonjwa sahani. "Basi nitajie, niandike mimi, halafu nitalisahau." Nikasema neno la kwanza lililokuja: "Likolo." "Ndiyo nini?" "Mboga." "Sawa," akasema, "mboga nzuri." Akaandika. Alijua tangu saa ile. Hakusema kwa mtu, na mimi nilijifanya sijui kwamba anajua.

Mwenzangu, nilivimba! Kwaya nzima ya kanisani iliambiwa kwamba Mama Stela yumo kwenye kompyuta, kwamba serikali ya mashine ina watu watano na mmoja ni mimi. Sokoni niliposhika nyanya nilizishika kwa vidole viwili. Jirani yangu aliniuliza, "Sasa ukiwa mle ndani unafanya nini?" Nikamwambia, "Mambo ya ofisi, huwezi kuelewa."

Haukupita muda Anjela akaja kidirishani. "Mama Stela, mkubwa kanipa kazi na sina jina. Niazime lako." Sasa nyie niambieni. Mtu anakuja mlangoni kwako asubuhi na kigae anaomba moto, moto wako unawaka, utamnyima? Kwetu hunyimi moto. Chumvi unaweza kusema imeisha, moto huwezi kusema umeisha na moshi unaonekana. Nikamwambia, "Chukua, neno ni likolo." Kesho yake akaja mwingine, wa stoo. Keshokutwa mhasibu msaidizi. Wote nikawaambia likolo, na nilikuwa natamka kwa sauti, nikijisikia tajiri. Tatizo likawa wawili hawawezi kuingia kwa jina moja wakati mmoja, wakaanza kugombana. Nikatoa kikombe changu chekundu cha bati, nikakitundika kwenye msumari kando ya kidirisha. Anayetaka jina anachukua kikombe anakiweka juu ya kompyuta yake. Ukiona kikombe hakipo msumarini, ujue Mama Stela yuko na mtu. Akimaliza anarudisha. Wakazoea. Na mimi huku nimeinama nasonga ugali nasikia, "Nani kakaa na Mama Stela?" "Mama Stela yuko stoo." "Mtoe Mama Stela haraka, na mimi niingie!" Dereva wetu, mtani wangu, alikuwa anapita anasema, "Shemeji, mzee nyumbani anajua unavyozungushwa na wanaume ofisini?" Namrushia kitambaa cha vyombo. Raha tupu. Nilidhani wananipenda, kumbe wanapenda mlango usio na komeo.

Bwana Msuya hakufurahi. Aliwahi kusimama jikoni na chai yake, maziwa mengi, akasema, "Mama, jina si kaa la moto. Ukimpa mtu kaa akaunguza nyumba, nyumba kaunguza yeye. Ukimpa jina akaunguza, mashine itasema umeunguza wewe." Nikamwambia, "Sasa nimnyime mtu?" Akasema, "Ndiyo, mama. Mnyime." Nikamwona mtu wa kaskazini, hajui ujirani.

Basi ikafika wakati wa mbolea. Wakulima wa Madaba walikuja asubuhi, wamelala njiani juu ya lori, wamejaa barazani na magunia yao matupu mabegani. Mvua imeshanukia. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja mwenye koti kubwa, nikampa chai, akaipokea kwa mikono miwili. Ndani Anjela alikuwa anakimbizana na kazi. Meneja aliwaambia wote wafute vikundi vilivyojitoa, haraka, kabla wageni wa wafadhili hawajaja. Nilipopitisha chai niliona kikombe chekundu juu ya kompyuta yake. Nikamwekea andazi pembeni. Hakulitazama.

Mara nikasikia yule mzee wa koti anamwambia mtu wa stoo, "Kijana, tazama vizuri. Sisi ni wa Madaba." "Mzee, natazama. Madaba hakuna." "Hakuna vipi, na mimi nipo hapa?" "Kwenye mashine hampo. Hakuna Madaba kabisa." Bwana Msuya akaingia chumba cha baridi, akakaa, akatoka uso umembadilika. Meneja akauliza, "Nani amefuta?" Akajibu taratibu, kama hataki neno limtoke, "Mashine inasema Mama Stela."

Anjela akaja jikoni. Hajawahi kuosha chombo jikoni kwangu hata siku moja, lakini siku ile alichukua vikombe akaanza kuviosha, na kile chekundu akakiosha, akakitundika msumarini kinachuruzika maji. "Mama..." akasema. Nikamwambia, "Acha vikombe vyangu." Akatoka. Kisha akaja Bwana Msuya, akafunga mlango. "Mama, wewe na mimi tunajua kwamba si wewe. Sema tu." "Niseme nini?" "Sema huwezi kuandika. Yataisha hapohapo, hakuna aibu." Nikahisi kama kanivua kitenge. Nikamwambia, "Nani kakwambia siwezi kuandika? Nani? Mimi nimemaliza la saba." Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma zaidi.

Tukaitwa wote. Meneja kasimama, sisi tumekaa, wale wa Madaba wamejaa mlangoni na madirishani, kila mtu anataka kujua kijiji chake kimekwenda wapi. Meneja akasema mwaka huu ni wa kupunguza, na mtu anayechezea mali ya wakulima atakuwa wa kwanza kwenda, na huenda akapitia polisi. "Mama Stela, jina lako limefuta. Kama ni mwingine aliyetumia jina lako, mtaje sasa hivi." Nikamtazama Anjela. Mguu wake ulikuwa unatetemeka mpaka kiti kinalia. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ni mimi."

Ngoja hapo. Watu waliposikia hadithi hii baadaye walinisifu. Walisema Mama Stela alimbeba mwenzake bila kumtaja, ana moyo wa mama. Na mimi niliziacha sifa zile zinikalie, nikazivaa kama gauni la kuazima. Ukweli siwezi kuuficha leo. Nilijua nikimtaja Anjela, swali la pili litakuwa, kwa nini unawapa wengine wakuandikie? Na swali hilo nilikuwa tayari kulikimbia hata kwa kuingia jela. Nilipima, mbele ya watu wote wale, niitwe mharibifu au niitwe asiyejua kusoma, nikaona heri mharibifu. Mharibifu angalau anajua kitu.

Meneja akasema, "Basi, mmesikia." Hapo Bwana Msuya akasimama. "Samahani, Meneja. Mama Stela, njoo hapa ukae. Tuonyeshe ulivyoingia. Andika jina lako tu." Akavuta kiti. Kiti kile nakiona mpaka leo, kina kitambaa cha kijani kilichochanika pembeni. Nikaenda. Nikashusha miwani yangu ya sokoni. Nikatazama vitufe. Mimi jina langu nalijua likiwa limeshikana, herufi ndogondogo zimekumbatiana. Pale zilikuwa kubwa, moja huku, nyingine kule, kama watu waliogombana msibani. Nikatafuta mwanzo wa jina langu sikuuona. Nikabonyeza kimoja nikakishikilia, kidole kimekufa ganzi, na kwenye kioo herufi ileile ikaanza kukimbia, ikakimbia mstari mzima kama siafu, ikashuka wa pili, wa tatu. Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Dereva mtani wangu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Yule mzee wa Madaba, ambaye shida yote ilikuwa yake, ndiye aliyesema kutoka mlangoni, "Mwacheni mama wa watu."

Bwana Msuya akaniondolea kidole kile yeye mwenyewe. Akasema, "Meneja, huyu mama hajawahi kuingia humu hata siku moja. Ofisi nzima inaingia kwa jina lake, na mimi nilijua, nikanyamaza kwa sababu leseni hazitoshi. Kama ni barua ya onyo, niandikie mimi." Meneja akaanza kusema, "Ofisi nzima maana yake nani?" Bwana Msuya akamtazama tu. Akasema polepole, "Kikombe kimekaa sehemu nyingi, Meneja. Hata kwako." Meneja akakohoa, akasema kikao kimekwisha.

Kazi yangu ikabaki. Madaba ikarudi pia. Bwana Msuya alikuwa na nakala kwenye mkanda wa kompyuta, akarudisha vikundi, na vile vilivyokosekana wale wazee wenyewe walikaa barazani wakamtajia, mimi nikawapikia uji. Mbolea ikaenda kabla mvua haijawazidi. Yeye akaandikiwa barua, na safari ya masomo aliyoahidiwa ikafutwa. Nilisikia kwa kidirisha. Kila mtu akaendelea na maisha, na watu wakawa wema mno kwangu. Wakinipa karatasi wananisomea kabla sijaomba, kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa. Miwani niliitupa kwenye shimo la takataka.

Asubuhi iliyofuata Bwana Msuya akaja mlangoni pa jiko kama kawaida. "Shikamoo, mama." Nikampa mgongo, nikachochea moto. Akasimama kidogo, akaondoka. Mnajua kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu gani. Unaweza kumnyima mtu chakula, ukamnyima na kiti. Shikamoo hata adui yako unamwitikia, unaitikia kwa ubaridi lakini unaitikia, maana hiyo si yako, ni ya umri wako, umepewa na Mungu uigawe. Mimi sikuitikia. Kesho yake akaja tena, "Shikamoo, mama." Kimya. Chai yake nikaanza kuimimina mwisho, ikiwa imepoa, maziwa kidogo. Akainywa. Kuna siku alisema, "Mama, nimebadilisha neno lako la siri. Jioni watu wakitoka, njoo uchague jipya, uliandike mwenyewe. Ni herufi chache, nitakuonyesha zilipo." Nikamjibu, na hilo ndilo neno pekee nililompa tangu siku ile, "Umeshanivua nguo mbele ya watu, sasa unataka nini tena?" Akasema, "Pole, mama." Hakulitaja tena. Lakini shikamoo hakuiacha. Kila asubuhi ya Mungu, mpaka walipomhamisha. Siku ya kumuaga niliwakaangia maandazi, nikayafunika, nikasema naumwa tumbo, nikaenda nyumbani.

Sasa turudi barazani kwangu. Anjela alikuwa analia kidogo, anajifuta na ncha ya kitenge. Akasema, "Mama Stela, ni mimi niliyefuta Madaba." Nikamwambia, "Najua. Kikombe changu ulikirudisha kimelowa." "Ulijua miaka yote?" "Tangu saa ileile." Akanishika magoti. "Ulinibeba, mama. Ningefukuzwa siku ile, na wadogo zangu wote walikuwa wananitegemea mimi. Kila misa nakuombea." Ningeweza kunyamaza, gauni lile la kuazima lilikuwa bado linanikaa. Lakini mtu ameshakufa, jamani, kuna mwisho. Nikamwambia, "Anjela, sikukubeba wewe. Nilikuwa najificha. Angekuwa mwingine yeyote pale kwenye kile kiti kinacholia, ningesema vilevile." Nikadhani atakasirika. Akasema tu, "Haya. Maombi nimeshaomba, sirudishi."

Tukacheka, halafu akasema jambo nisilolijua. Akasema, "Basi hujui habari ya kiti chako." Kiti gani? "Jina lako, mama. Meneja aliagiza lifutwe, apewe mwingine, leseni zilikuwa chache, watu wanagombana. Bwana Msuya akakataa. Alilifunga kwa neno jipya, hakuna aliyelijua. Tukabaki na nafasi nne, ofisi nzima inamlaani. Mimi mwenyewe nilimwendea, nikamwambia, Bwana Msuya, fungua lile jina la Mama Stela, halina mtu. Akaniambia, lina mtu. Mwenyewe hajakataa, amekasirika tu. Akija atakuta nafasi yake." Nikamuuliza Anjela, mpaka lini? Akasema, "Mpaka alipohama. Siku anaondoka bado lilikuwa limefungwa."

Nilimfungia Anjela mboga kwenye mfuko, nikamsindikiza mpaka barabarani, akapanda bodaboda na kugomba kwake. Nikarudi. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo ya migomba ya jirani. Nikaingia ndani nikatafuta kabatini, nyuma ya sahani za sikukuu, nikakitoa kile kikombe chekundu. Nilikuja nacho mradi ulipofungwa, kimebanduka mdomoni. Nikakifuta. Nikakiweka juu ya redio, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikasema kwa sauti, kama inavyotakiwa kusemwa, "Marahaba, mwanangu."

Mama Beni akachungulia kutoka jikoni, unga mikononi. "Mama, umeniita?"

"Sijakuita. Kuna mtu alinisalimia."

Akatazama mlangoni, akatazama njia yote mpaka barabarani.

"Mbona simwoni?"

"Ni siku nyingi," nikamwambia. "Rudi kwenye ugali wako, usije ukaungua."